Mgonjwa ni wetu, somo nalo ni letu

Mdogo wangu ana skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo na kuingiwa na hofu. Ni fundi baiskeli hapa Ngamiani, Tanga, na mwenye kuujua mji huu anajua kwamba fundi mwenye mkono mzuri hakosi mteja. Alianza kuugua akiwa na miaka ishirini na kitu, umri uleule ambao ugonjwa huu huwapata wengi, hasa wanaume. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa takriban mtu 1 kati ya 345 duniani anao. Kwa jiji letu lenye watu wanaokaribia laki nne, hiyo ni zaidi ya watu elfu moja, na kila mmoja ana mama, dada, mke au shemeji ambaye usiku analala nusu nusu. Hao ndio ninaowaandikia.

Mgonjwa hukaa wodini wiki chache, kisha hurudi nyumbani akakaa miaka. Lakini waliosomeshwa jinsi ya kukaa naye wote wako kule kwenye wiki chache. Nesi kasoma, dokta kasoma zaidi, mfamasia naye kasoma. Mama yetu, ambaye amekaa na mgonjwa kuliko wote hao, somo lake alipewa dirishani siku ya ruhusa, huku foleni nyuma yake ikisukumana: "Hakikisheni anakunywa dawa, na msimuudhi."

Msimuudhi! Hii ni nyumba ya Kiswahili, vyumba sita na korido katikati, choo kimoja uani, wapangaji wawili, na redio tatu zikifunguliwa kwa pamoja saa ya taarifa ya habari. Hata mzima anaudhika humo.

Kabla ya hospitali tulipita njia ambayo familia nyingi za pwani zinaijua, kwa hiyo sitaisimulia kirefu. Alinyweshwa kombe, akafukizwa ubani, akapelekwa kwa mganga mmoja upande wa Pangani akapungwa usiku kucha. Mjomba alishikilia apelekwe Pemba. Usiku mmoja alizidiwa, wanaume wa mtaani wakamfunga kamba za katani, na alama zake anazo mpaka leo kwenye vifundo vya mikono. Siwacheki wote tuliokwenda kwao. Sheikh aliyekuwa akimsomea ruqya ndiye aliyemwambia mama mbele ya mjomba, "Bi mkubwa, huyu mpelekeni hospitali. Mimi nitaendelea kumsomea, dua haizuiwi na kidonge." Bila kauli hiyo mama asingekubali, kwa sababu kwa watu wa rika lake hospitali ya akili ni mahali pa kwenda na kutorudi. Wao wamekua wakisikia habari za Lutindi, kule juu milimani Korogwe, iliyoanza mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani, kisha 1904 ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Na wamekua wakisikia watu wakitukanana kwa jina la Mirembe ya Dodoma, ambayo ipo tangu 1927. Kwamba Lutindi wagonjwa wanachuma chai, wanafanya useremala, wanapona wengine na kurudi kwao, hilo halikuwahi kutufikia kwenye baraza letu. Mtaani husikika yale ya kutisha tu.

Kitu kilichonifungua macho kilitokea siku chache tu baada ya dozi yake kuongezwa. Ilikuwa baada ya magharibi, tumekaa uani. Nikaona shingo yake inavutika upande wa kushoto, polepole, kama mtu anayesikiliza kitu ukutani. Taya likakaza. Halafu macho yakapanda juu, yakabaki huko, meupe. Alikuwa anatusikia na anajibu, ila maneno yanatoka yamebanwa, na macho hayashuki. Mpangaji wa chumba cha mbele akasema, "Limepanda." Mwingine akaenda kutafuta ubani. Mjomba kwenye simu akatoa hukumu yake: dawa za hospitali zimegombana na jini, na jini limekasirika.

Tukamkimbiza kwa bajaji. Nesi wa zamu alimtazama mara moja tu, wala hakuinuka haraka. "Anakunywa halopiridoli?" Ndiyo, sista. "Na ile ndogo nyeupe, benzheksoli, mnampa?" Ile ndogo nyeupe dirishani ilikuwa imeisha, tukaambiwa tukanunue nje, na hakuna aliyetueleza ni ya kazi gani. Akamchoma sindano. Haikupita nusu saa shingo ilikuwa imenyooka, mdogo wangu anaomba soda.

Baadaye ndipo nilipoelezwa. Dawa hizi hupunguza nguvu ya kemikali iitwayo dopamini kwenye ubongo, na hapo ndipo zinapotuliza zile sauti na zile hofu. Lakini dopamini hiyohiyo inahusika na kuongoza misuli, kwa hiyo wengine, hasa vijana wa kiume walioanza dawa karibuni au walioongezewa dozi, hukaza shingo, macho, hata ulimi. Wengine hawawezi kutulia, wanapima korido kwenda na kurudi usiku mzima, na nyumbani mnadhani kichaa kimezidi, mnamuongezea dawa, naye anazidi kutembea. Kuna wanaodondokwa na mate, wanaotetemeka mikono, na ukimhamishia dawa nyingine iitwayo olanzapini anaanza kunenepa na kula usiku. Yote haya yana la kufanya: kupunguza dozi, kubadili dawa, kuongeza ile ndogo nyeupe. Hakuna lililo la ajabu kwa wanaojua. Lakini usiku ule uliwapa ushindi kina mjomba. Mama aliogopa dawa, dawa zikasimama, na kabla ya msimu wa vuli mdogo wangu alirudi wodini akiwa na hali mbaya kuliko ya kwanza. Maelezo ya dakika tano dirishani yangetosha kuzuia hayo yote.

Nesi yule ndiye chanzo cha kikundi chetu. Alikuwa ameona kwamba siku za kliniki ndugu wanakaa benchi moja asubuhi nzima, kila mtu ameinamia simu yake, na wote wana maswali yaleyale. Akaanza kutukusanya pembeni kabla dokta hajafika. Yeye ndiye aliyetusimulia habari za mpango uliofanyiwa majaribio Muhimbili na Mbeya, uitwao KUPAA, yaani Kuwezeshana Kupata Uzima, ambapo wagonjwa na ndugu zao waliketi darasa moja wakajifunza pamoja. Sisi hatukuwa na mradi wala posho. Baada ya miezi kadhaa benchi likawa halitutoshi, tukaomba chumba cha madrasa kilicho wazi Jumamosi baada ya adhuhuri. Tukapewa, kwa sharti la kufagia.

Nimesoma baadaye kwamba chama kikubwa cha familia za wagonjwa wa akili kule Marekani, NAMI, kilianza hivyohivyo mwaka 1979 mjini Madison, Wisconsin: wazazi waliochoka. Na walichokuwa wamechoka nacho kilinigusa. Enzi zile wataalamu wengi wa kwao walifundisha kuwa mama ndiye anayemsababishia mtoto skizofrenia kwa ubaridi wa malezi yake. Basi kumbe wa kwao alituhumiwa na wasomi, na wa kwetu anatuhumiwa na majirani. Mama mmoja kwenye kikundi chetu, muuza samaki wa Deep Sea hapa Tanga, aliambiwa usoni kwamba amemtoa mwanawe kafara ili biashara imnyookee. Biashara yenyewe ni beseni moja la vibua. Kutokana na chama kile cha Marekani likatoka darasa ambalo walimu wake ni ndugu wa wagonjwa wenyewe, waliopita njia hiyo, na hilo ndilo nililoliona likifanya kazi hata kwetu bila kitabu chochote. Dokta akisema "mvumilie", unaitikia. Mwenzio ambaye mwanawe alimpasulia kabati akikuambia alivyofanya asubuhi yake, unachukua kalamu.

Somo lililotuchukua muda mrefu kuliko yote ni namna ya kuongea na mtu anayesikia sauti. Mdogo wangu alikuwa akiniambia kuna watu wawili wanamsema kupitia bomba la maji. Mimi nilibishana naye: hakuna mtu, hilo ni bomba. Mama alimkubalia: ndiyo baba, tutawafukuza. Nesi akatuambia vyote viwili havimsaidii. Ukibisha, unakuwa adui wa tatu pamoja na wale wawili, na ukikubali, umewapa watu wale makazi ya kudumu. Akatufundisha njia ya katikati: unasema kweli yako bila kumvua kweli yake, kisha unaishika hofu. "Mimi sizisikii hizo sauti. Lakini naona zinakutisha. Nikae hapa, au unataka tutoke nje kidogo?"

Kusema ni rahisi. Tulifanya igizo. Mzee mmoja mstaafu wa reli, ambaye mkewe ana ugonjwa wa bipola, ule wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, alijitolea kuwa mgonjwa, na alikuwa mgonjwa hodari mno. Alikataa kila kitu, akatukana kwa Kibondei, akamshutumu nesi kuwa anamwekea sumu kwenye uji, mpaka mama muuza samaki akasahau kuwa ni mchezo akamwambia, "Mzee, shika adabu yako!" Tulicheka hadi mwalimu wa madrasa akachungulia. Lakini kwa kurudiarudia, yale maneno yakazoea mdomo. Siku mdogo wangu aliposimama na spana mkononi akisikiliza bomba, maneno yakanitoka yenyewe, na akaiweka spana chini. Sisemi yanafanya kazi kila mara. Siku nyingine ananijibu, "Dada, usinisomee ya kwenye kikundi."

Na hapa nifike kwenye jambo ambalo ndugu wengi hawapendi kulisikia. Miaka ya 1950 mtafiti George Brown na wenzake kule London walifuatilia wagonjwa waliotoka hospitalini. Walikuta kwamba hali ya mgonjwa baadaye ilitegemea kwa kiasi kikubwa nyumba aliyorudi. Tafiti zilizofuata zikabainisha: waliorudi kwenye nyumba za lawama nyingi na ukali walirudi kuugua zaidi, na vilevile waliorudi kwa watu wenye huruma iliyopitiliza, wanaomfuata mgonjwa kila anapogeuka. Nesi alisisitiza, na nasisitiza nami, kwamba hiyo haimaanishi nyumba ndiyo iliyoleta ugonjwa. Nyumba inaweza kuupunguza au kuuchochea, basi. Tafiti nyingi tangu hapo, katika nchi mbalimbali, zimeonyesha kwamba familia ikifundishwa sambamba na dawa, mgonjwa hurudi wodini mara chache zaidi.

Tulipozungumza habari hiyo kila mtu alimtaja mwenzake. Wanawake walisema wanaume ndio wakali. Mzee wa reli akasema wanawake ndio wenye maneno. Ila siku hiyo kwa mara ya kwanza tulikuwa tumewaalika wagonjwa wenyewe waliokuwa na nafuu, na mdogo wangu, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu dua ya kufungulia, akanyoosha mkono.

"Nyumbani siku hizi hakuna anayeniamkia," alisema. "Nikiamka naulizwa umekunywa dawa. Mama anauliza, dada anauliza, mpangaji anauliza. Mtoto wa mpangaji naye anauliza. Mimi nimeacha kuwa mtu, nimekuwa chupa ya dawa."

Hakuna aliyesema kitu. Halafu binti mmoja mwenye ugonjwa kama wake akasema kwao wanamkatia chapati vipande kama mtoto. Kijana mwingine akasema babake anawaeleza wageni habari zake naye akiwa amekaa palepale. Yakafunguka mengi. Tangu siku hiyo hatujafanya mkutano bila wagonjwa, na nadhani ndugu wanaokutana peke yao kuwajadili wagonjwa wanaishia kulalamika tu, ingawa najua kuna wanaofarijika kwa hilo na sina haki ya kuwanyima.

Kwetu nyumbani tulikubaliana mambo mawili, naye akiwepo. La kwanza, habari ya dawa ni ya mtu mmoja, na yeye alimchagua mpangaji wa chumba cha mbele, yuleyule wa "limepanda." Nilishangaa. Akasema, "Huyu akiniuliza halii." La pili, ana chumba chake kidogo cha baiskeli pembeni ya banda la uani, na akijifungia humo hakuna anayegonga mpaka wakati wa kula. Mama ilimuwia vigumu sana. Alikuwa anapita mbele ya mlango akijikohoza. Lakini katika nyumba zetu hizi, ambamo mtu hana pembe ya kujificha kuanzia alfajiri hadi usiku, nadhani mlango ule umefanya kazi sawa na nusu ya vidonge.

Kila familia kwenye kikundi ina karatasi, na karatasi hiyo inaandikwa mgonjwa akiwa mzima, kwa mdomo wake. Inasema dalili zake za hatari ni zipi, kwa sababu kila mtu ana zake. Za mdogo wangu: halali siku mbili mfululizo, anafungua baiskeli za wateja usiku na kuzipanga spoki sakafuni, anaacha kuswali jamaa, anavaa kofia mbili. Kofia ya pili ikionekana sisi hatungoji. Upande wa pili inaandikwa nani apigiwe kwanza, dereva gani wa bajaji hamuogopi, dawa gani iliwahi kumdhuru, na nani asiitwe kamwe. Mjomba yuko kwenye orodha hiyo ya mwisho, na anajua. Nakala moja ipo kabatini, moja kwa nesi, moja kwa mwenyekiti wa mtaa. Ya mwenyekiti ilisaidia sana siku polisi jamii walipotaka kumchukua kwa fujo. Alitoka na karatasi akawaambia huyu ni mgonjwa, Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 ipo, mpelekeni hospitali na ndugu zake. Sina hakika alikuwa ameisoma hiyo sheria, ila aliitaja kwa sauti ya mtu aliyeisoma.

Fedha nisizipite, kwa sababu watu wakisikia kikundi cha familia wanafikiria kulia na kushikana mikono. Kwetu kilichokiweka kikundi hai ni upatu. Tunachanga kidogo kila mkutano, sehemu inazunguka kama upatu wowote, sehemu inabaki kwenye kibubu cha nauli na dawa. Mgonjwa wa Muheza au Pongwe anayetakiwa kuja kuchomwa sindano ya mwezi, akikosa nauli mwezi mmoja tu, hali inaanza kulegea. Na dawa zenyewe, kama nilivyosema, zinaisha dirishani. Sasa kabla ya siku ya kliniki mmoja wetu anapiga simu kuuliza ni zipi zilizopo, na zisizokuwepo tunanunua kwa pamoja kwenye duka la dawa ili zishuke bei. Kazi hii ilipaswa kuwa ya wenye kupanga bajeti, na tumekwisha wapelekea barua. Walitupa chai.

Ramadhani ilikuwa mtihani wake peke yake. Wengi wanafunga, na wanaofunga wanaacha dawa ya mchana, wengine wanaacha zote. Tulimwomba dokta aje kuongea pamoja na sheikh, siku ya mwisho wa Shaabani. Dokta akaeleza kwamba kwa wengi dozi zinaweza kuhamishiwa futari na daku, lakini anayetumia lithiamu, dawa ya bipola, asijiamulie mwenyewe, kwani mwili ukikauka maji dawa hiyo hupanda kwenye damu ikawa sumu. Sheikh akasema mgonjwa ana ruhusa ya kula, na kumlazimisha kufunga ni kumdhulumu. Tatizo lililobaki ni kwamba mgonjwa hapendi kuonekana anakula mchana. Mdogo wangu anafunga, anakunywa dawa yake baada ya tende, na analala mapema kuliko wote. Tarawehe anaikosa, inamuuma.

Kuhusu urithi wa ugonjwa, niseme kwa uwazi kwa sababu ilinihusu. Nilikuwa nimechumbiwa. Upande wa pili walipoambiwa kuna mgonjwa, mshenga akaja kuulizia kama "ni ya ukoo". Nesi alinipa hesabu: mtoto mwenye mzazi mmoja mwenye skizofrenia, au ndugu wa tumbo moja na mgonjwa, ana uwezekano wa takriban 1 kati ya 10 kuugua. Ni zaidi ya watu wengine, ndiyo. Lakini maana yake ni kwamba karibu 9 kati ya 10 hawaugui. Bangi nyingi katika ujana huongeza hatari kwa mwenye asili hiyo, na mdogo wangu alivuta, hilo halifichiki, ingawa vijana wote wa kijiwe chake walivuta na aliyeugua ni yeye. Nilimpa mshenga hesabu yote hiyo. Ndoa haikufungwa. Nimeolewa baadaye na mtu ambaye dadake naye ni mgonjwa, tuliyekutana Jumamosi kwenye chumba cha madrasa, kwa hiyo kikundi kimenilipa.

Kuna yasiyokwenda. Wanaume ni wachache mno. Mzee wa reli ni mmoja wa wanaume wawili wa kudumu. Baba yetu mwenyewe aliondoka nyumbani mwaka wa kwanza wa ugonjwa na hajaja hata mkutano mmoja. Wako wagonjwa ambao dawa zote hazijawasaidia sana, na mama zao wakitusikia tunasimulia nafuu wanainuka wanaondoka mapema. Tumejifunza kutoanza kikao na habari njema. Na yupo mama aliyekuja akakaa kimya miezi, kisha akatuambia mwanawe alijaribu kujiua nao wakamficha ndani wakamtibu kwa kubahatisha, kwa kuogopa polisi. Hofu yake haikuwa ya kijinga. Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilisema kifungu cha kwao cha namna hiyo kinakwenda kinyume na Katiba. Sisi tulichoweza ni kukubaliana kwamba ikitokea tena kwa yeyote, nesi anapigiwa simu kwanza, na wawili kati yetu wanamsindikiza hospitali pamoja na mama, ili asiingie peke yake mlangoni.

Sasa hivi kinachotugonganisha vichwa ni mirathi. Mama zetu wanazeeka. Nani atakaa na mgonjwa, na sehemu yake ya nyumba itashikwa na nani? Tumeona tayari familia moja ambapo kaka wakubwa waliuza nyumba, fungu la mgonjwa likaitwa "la matunzo" na halijulikani liliko. Mzee wa reli anataka kila familia iende kwa wakili ikaandike wosia. Sheikh anasema mafungu ya mirathi yameshapangwa, kinachohitajika ni msimamizi mwaminifu na mashahidi. Mama muuza samaki anasema hana nyumba ya kurithisha, ana beseni, na anataka kujua mwanawe atakula wapi. Swali lake ndilo gumu kuliko yote na hatujalipatia jibu. Kwa sasa familia tatu zimeahidi zamu ya chakula, na ahadi imeandikwa kwenye daftari la upatu, ukurasa wa nyuma.

Kwetu tumeanza. Mama amesema mbele ya mashahidi kwamba msimamizi atakuwa mimi. Mjomba amepinga. Mdogo wangu alisikiliza mabishano yote, kisha akasema yeye fungu lake hataki lishikwe na mtu mpaka aulizwe, na kwamba msimamizi atakuwa anamletea hesabu kila baada ya Idi, kwa maandishi, kwa kuwa kusoma anajua. Nimemwandikia hivyohivyo. Kikao cha pili ni baada ya mavuno ya mahindi, mjomba akirudi kutoka Handeni.